Wimbo Chini ya Mabati

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay ili sauti yake ipate kutiwa katika sahani za santuri, kwa kuwa mitambo ya kampuni iliyomwita ilikuwa huko Bara Hindi. Na mtu aliyetaka wimbo wake udumu baada ya pumzi yake kukatika hakuwa na budi kuufuata mtambo ulipo, kama mwenye kiu akifuatavyo kisima.

Baadaye kisima kilianza kumfuata mwenye kiu. Mwaka 1950, na mara nyingine mwaka 1952, Mwingereza Hugh Tracey alizunguka Afrika Mashariki na mtambo wake wa kunasia sauti, akizinasa nyimbo papo hapo zilipoimbwa, na mwaka 1954 akaasisi huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika ambamo kazi zile zimehifadhiwa hata leo. Kisha Nairobi ikapata studio zake, na River Road ikawa soko la santuri, hata mpiga gitaa wa Meru aliyekuwa na wimbo kifuani alipanda basi alfajiri, akaenda zaidi ya kilomita 200, akaimba kwa saa zile tu alizoweza kuzilipia, akarudi kwao usiku na mfuko mtupu.

Katika safari hizo zote, ya meli na ya basi, mwimbaji alikuwa akinunua kitu ambacho hakikuandikwa katika stakabadhi yo yote, nacho ni kimya. Studio ni chumba kilichotengwa na dunia kwa kuta nene na milango mizito, na ujira wa saa ni kodi ya kimya hicho. Atungaye na kurekodi nyumbani hali yake ni kinyume: muda anao, hata wa kuchezea, lakini kimya hana, naye hana budi kukiiba, robo saa hapa na nusu saa pale, katika nyumba yenye watoto, kuku, majirani na paa la mabati. Sanaa yake, kwa rai yangu, imo katika biashara hiyo ya kutoa muda na kupokea kimya. Na vyombo, ambavyo vijana huvizungumza usiku kucha, ni jambo la tatu.

Mtunzi nimwelezaye katika sura hii ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Nkubu, katika kaunti ya Meru, na maadamu mtaa mzima humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghala ya mahindi. Kina mita tatu kwa mita tatu, kuta za matofali, dirisha moja liangalialo migomba, na juu yake mabati. Vyombo vyake ni vichache: kompyuta ya mkononi aliyoinunua kwa mtu, kisanduku kidogo kigeuzacho sauti kuwa tarakimu, gitaa moja, hedifoni, na maikrofoni ya Shure SM58, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na ambayo hata leo huonekana katika kila kanisa na kila jukwaa la siasa, kwa sababu haihitaji umeme wake yenyewe na huvumilia kuangushwa.

Wimbo wenyewe haukuanzia humo. Ulianzia njiani, asubuhi, alipokuwa akienda shuleni nyuma ya wanawake waliobeba majani ya chai kwenda kituo cha kununulia. Aliwatazama migongo, akamkumbuka mama yake aliyewasomesha yeye na ndugu zake kwa kuchuma majani mawili na kichipukizi chake, na kabla hajafika langoni alikuwa akijiimbia puani mahadhi mafupi ya kupanda na kushuka. Akasimama kando ya barabara, akatoa simu, akayanasa yale mahadhi bila maneno yo yote. Nimesikiliza kipande kile: kina upepo, kina honi ya matatu, na katikati yake kuna mtu anayeng'ang'ania sauti sita asije akazisahau. Mwalimu ana vipande vya namna hiyo kwa mamia, na vingi katika hivyo havina faida. Asemaye kwamba ilhamu haina kanuni amesema kweli, lakini tabia ya kuwa na chombo cha kuinasia ina kanuni, na kanuni yake ni kutoahirisha.

Maneno yalikuja siku ya tatu, tena yalikuja vibaya. Alikusudia beti ziwe kwa Kimeru, ambayo ndiyo lugha aliyolelewa nayo na mama huyo, na kiitikio kiwe kwa Kiswahili ili hata mtu wa Embu, au wa Mombasa, apate kuitikia. Mshororo wake wa kwanza wa kiitikio ulikuwa huu: Mama yangu alibeba kikapu cha majani mgongoni. Hesabu mizani yake, msomaji, utapata 19. Na hilo si kosa kwa mtu asemaye, bali mahadhi yake yalikuwa na nafasi ya mizani 12 tu, sita na sita. Alijaribu kuyabana maneno, akayaimba mbiombio kama kondakta aitaye abiria, na kila alipoimba uzito ukaangukia silabi isiyostahili.

Hapa pana jambo ambalo watunzi wetu wengi hulijua kwa masikio bila kulijua kwa jina. Neno la Kiswahili hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, na ngoma nayo ina mahali pake pa kukazia. Vikikutana viwili hivi, wimbo hutembea wenyewe, na vikipishana, mwimbaji huwa kama mtu aliyevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Mahadhi ya Mwalimu yalikuwa ya mapigo ya tatu tatu, mwendo upatikanao katika ngoma nyingi za mlimani: pigo dogo, pigo kubwa, pigo dogo, kisha tena. Baada ya jioni mbili za kufuta, aliandika hivi:

Kikapu cha mama, mzigo wa mwana.

Upande wa kwanza una mizani sita, na wa pili sita. Sasa tamka polepole: mkazo uko kwenye ka ya kikapu na ma ya kwanza ya mama, yaani silabi ya pili na ya tano, vuka upande wa pili, mkazo uko kwenye zi ya mzigo na mwa ya mwana, yaani ya pili na ya tano vile vile. Mapigo makubwa manne, silabi nne nzito, hakuna hata moja iliyokosa kiti. Fauka ya hayo, mshororo umepata maana ambayo ule mrefu haukuwa nayo, kwa kuwa mzigo wa mwana waweza kuwa mzigo ubebwao kwa ajili ya mwana, na waweza kuwa deni alilo nalo mwana baadaye. Mwalimu hakuitafuta maana hiyo ya pili. Ilimjia kwa sababu nafasi ilikuwa finyu, kama malenga wa pwani, waliofungwa na vina na mizani karne hata karne, walivyokuta katika kifungo hicho mambo wasiyokuwa wakiyatafuta.

Beti za Kimeru zilikuwa na shida ya namna nyingine kabisa. Kimeru, kama Kiembu na kama lugha nyingi za Kibantu, ni lugha ya toni: neno lile lile, kwa herufi zile zile, laweza kugeuka maana kwa kupandishwa au kushushwa sauti, na tahajia ya kawaida haiandiki toni hizo, hivyo siwezi kumwonyesha msomaji hapa kwa wino, lazima asikie. Kiswahili kilikwisha kuipoteza tabia hiyo, na ndiyo maana mtunzi wa Kiswahili huwa huru kulipandisha neno atakako. Mtunzi wa Kimeru hana uhuru huo wote. Mahadhi yake yapo ndani ya maneno kabla hajayaimba.

Mwalimu, ambaye amekaa miaka mingi akifundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, alidhani masikio yake yangali salama. Siku ya Jumamosi alikwenda Igoji kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa mwimbaji wa ngoma za rika lake katika ujana, akamwekea simu sikioni amsikilizishe ubeti wa kwanza, na simu nyingine akaiacha mezani ikinasa ili asisahau maneno ya mzee. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hata akashika magoti.

"Mpwa wangu," alisema, "maneno ni yako, lakini sauti imekwenda nyumba nyingine. Huyo mama unayemwimba anafanya nini hapo kwenye neno la tatu?"

"Nimekosea wapi, mjomba?"

"Usiniulize mimi. Acha kuimba, uniambie tu, kama unavyomwambia mtu sokoni."

Mwalimu akalisema lile neno, na aliposema sauti yake ikashuka, ilhali katika mahadhi ilikuwa imepanda. Mzee hakumwongezea somo. Aliutamka mshororo wote mwenyewe, mara moja, kwa sauti ya kukwaruza na ya polepole, akanyamaza. Mtu mwingine angetafuta neno jingine. Mwalimu, kwa busara, aliliacha neno akabadili mahadhi, akaufuata mshuko ule wa ulimi wa mzee. Na ule mshuko, usiofanana na kitu chochote kinachopigwa redioni siku hizi, ndio uliogeuka kuwa alama ya wimbo, ambayo watoto wa jirani waliishika kabla ya kushika maneno.

Basi wimbo ukawa tayari, na hapo ndipo mambo ya kimya yalipoanza.

Mwenye nyumba ya mabati upande huu wa Mlima Kenya hurekodi kwa majira kama mkulima. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na hizi za Oktoba hadi Desemba, ambazo mashariki ya mlima ndizo za kutegemewa zaidi, zikianza kupiga bati hakuna maikrofoni iwezayo kusikia kitu kingine. Mtu akiwa chumbani huwa kama yumo ndani ya ngoma. Mwalimu hupanda maneno wakati wa mvua na kuvuna sauti wakati wa kiangazi. Beti hizi alizimaliza Mei, akangoja mpaka Agosti, shule zilipofungwa. Na hata mwezi wa kiangazi mchana si wake: kuna barabara kuu ya Meru na Embu, kuna pikipiki, kuna mashine ya kukata majani ya ng'ombe, na Jumapili kuna makanisa matatu yenye spika zinazotazamana. Kwa hesabu yake mwenyewe, aliyoifanya kwa kuacha simu ikinasa usiku kucha, kimya cha kweli hupatikana baina ya saa nane na saa kumi usiku. Saa kumi jogoo wa jirani huanza, na jogoo hana simu ya kupigiwa.

Kuta za matofali nazo zina lawama zake. Sauti husafiri kwa mwendo wa mita kama 343 kwa sekunde, na ikigonga kitu kigumu hurudi. Katika chumba kitupu hurudi mara nyingi, upesi, na maikrofoni hunasa mwimbaji pamoja na vivuli vyake. Mwalimu alitundika mablanketi mawili kwenye kamba, akasimamisha godoro nyuma yake, akapanga magunia ya maharagwe pembeni, naye akaimbia katikati ya vitu hivyo, kichwa karibu na nguo za mkewe zilizotundikwa. Vitu laini na vizito humeza sauti nyembamba. Sauti nene ni shauri jingine. Chumba cha mita tatu kina mtetemo wake kiupendao, kiasi cha 57 kwa sekunde, kwa sababu wimbi la sauti hiyo ni mita sita, na nusu yake huenea sawasawa baina ya ukuta na ukuta. Na waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutetema mara 55. Kila besi ilipopigwa katika spika, noti hiyo ilivimba kama mtu aliyepandwa na hasira huku jirani zake zikinong'ona. Alipoteza wiki mbili akiipunguza noti ile katika kompyuta kabla ya kufahamu kwamba wimbo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa la chumba chenye urefu na upana mmoja. Tangu hapo husikiliza besi kwa hedifoni, kisha hutoka nje akasikiliza uani.

Tena umeme una sauti yake. Umeme wa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na waya mbovu huvujisha mvumo huo ndani ya rekodi, mnene, wa chini, usiosikika mpaka mwimbaji anyamaze. Usiku wa kwanza Mwalimu alitafuta mvumo ule chini ya meza na juu ya dari, mpaka umeme ulipokatika mtaa mzima, kompyuta ikabaki kwa betri yake, na mvumo ukatoweka. Akaendelea gizani. Kuanzia siku ile huchomoa waya wa chaji kabla ya kuimba, na sijui kama kuna mtu mwingine katika kaunti ile afurahiaye umeme kukatika.

Aliimba mara 14. Msomaji ambaye hajaingia katika kazi hii atadhani mtu huimba mara nyingi ili apate bora zaidi. Ukweli ni kwamba mara za kwanza mwimbaji huimba kwa moyo na makosa, za katikati huimba kwa usahihi na bila moyo, na akivumilia, za mwisho huanza kusahau kwamba anarekodiwa. Umbali wa mdomo na maikrofoni ulikuwa shubiri moja. Mbele yake palikuwa na soksi ya mke wake iliyotandwa juu ya duara la waya, ili pumzi ya herufi p na b isipige chombo kama kofi. Alama ya nguvu ya sauti katika kompyuta aliiacha chini, mbali na kilele, kwa kuwa tarakimu si kama tepu za zamani zilizokuwa zikisamehe. Sauti ikipita kilele hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakirudi. Mara 44,100 kwa kila sekunde kisanduku kile hupima wimbi la sauti na kuandika namba, kwani sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi, na ili wimbi lijengwe upya lazima lipimwe zaidi ya mara mbili ya hapo. Katika zile mara 14 aliichukua ya pili kwa beti na ya 13 kwa kiitikio. Zilizobaki hakuzifuta, jambo ambalo mimi singalifanya, lakini yeye ana moyo wa mwalimu: hufunga madaftari ya wote, hata walioanguka.

Gitaa lilitoka Embu. Mpigaji anakaa mjini Embu, na baina yake na Nkubu kuna Igoji, Chogoria, Chuka, mto Thuci na Runyenjes, safari ya nusu siku na nauli ya watu wawili. Kwa hiyo aliletewa wimbo kwa simu, akapiga sehemu yake chumbani kwake, akairudisha kwa simu. Mara ya kwanza aliirudisha kama ujumbe wa sauti, ulioshindiliwa na simu hata nyuzi zikasikika kama zimepigwa ndani ya maji, tena haukuanza pamoja na wimbo, bali ulianza alipojisikia. Mara ya pili walifanya kama watu wa kazi. Walikubaliana mwendo, mapigo makubwa 96 kwa dakika, yaani kila pigo sekunde 0.625, hata mshororo mmoja wa kiitikio ukawa sekunde mbili na nusu kamili. Wakatanguliza makofi manne ya kuhesabia. Na faili likatumwa zima zima bila kushindiliwa, ingawa lilikula bando la siku tatu. Makofi yalipopangwa juu ya makofi, watu wawili waliotenganishwa na mto wakapiga pamoja.

Ngoma ilihitaji safari. Programu ya FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops na ambayo imewalea watengeneza biti wengi wa Afrika, ina ngoma za kila namna, na Mwalimu alijenga mdundo wake humo. Lakini mtu aliyezaliwa njiani kwenda Chuka hawezi kujidanganya kuhusu ngoma. Wachuka wamesifika tangu zamani kwa ngoma zao ndefu zishikwazo katikati ya mapaja, na mlio wake hautoki katika ngozi peke yake. Hutoka pia katika mwili wa mpigaji unaoyumba nayo. Alikwenda, akaomba, akasimama hatua kumi na simu iliyofungwa leso ili upepo usiiharibu, akarudi na sekunde 40 za mpigo mmoja. Sekunde hizo zimelazwa chini ya mdundo wa kompyuta. Hazisikiki, ila zikiondolewa wimbo huanguka.

Kuna rafiki aliyemshauri ainyooshe sauti yake kwa Auto-Tune, chombo kilichotoka Marekani mwaka 1997 na kufanywa maarufu na Cher mwaka uliofuata katika wimbo wake Believe. Sina chuki na chombo hicho katika nyimbo za dansi. Lakini tabia yake ni kulisukuma kila tamko kwenye ngazi iliyo karibu katika ngazi 12 za kinanda, na katika lugha ya toni, ambamo mtelezo mdogo wa sauti ni sehemu ya neno, kumnyoosha mwimbaji ni kumfanya aseme kwa lafudhi ya mashine. Mwalimu alijaribu katika mshororo uliorekebishwa na mjomba. Ule mshuko ukawa ngazi mbili safi, na maana ikapata kigugumizi. Akaifuta kazi ile usiku huo huo.

Nilimweleza kisa cha Bruce Springsteen, ambaye Januari 1982 aliketi chumbani kwake huko Colts Neck, New Jersey, na mashine ya kaseti ya TASCAM yenye njia nne tu, akaimba nyimbo zake kama rasimu za kuwaonyesha wenzake wa bendi. Bendi ikazijaribu katika studio ya fedha nyingi, hazikukaa, na hatimaye kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa mwaka ule ule kwa jina la Nebraska. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu, kisha akanyamaza kwa muda. Nilidhani nimemchosha. Kesho yake alinipigia simu kunisikilizisha mwanzo mpya wa wimbo.

Haukuwa na gitaa wala ngoma. Ulikuwa na sauti ya mzee, yenye kukwaruza, ikisema mshororo ule wa Kimeru polepole, na nyuma yake kikombe kikiwekwa mezani. Ilikuwa ile simu ya pili, iliyoachwa ikinasa Igoji. Baada ya mzee kunyamaza, gitaa la Embu linaingia, na Mwalimu anauchukua mshororo ule ule kuuimba, kwa mshuko ule ule.

Yaliyobaki nitayapita upesi, kwa kuwa ni kazi ya kuchosha zaidi kuisimulia kuliko kuifanya. Alichanganya sauti kwa jioni kumi, akausikiliza wimbo katika hedifoni, katika simu yenye spika ndogo, na katika redio ya matatu ya rafiki yake ikiwa imejaa abiria, ambapo ndipo wimbo utakapoishi. Alipokuta maneno ya mama hayasikiki kwa sababu ya injini, akaipunguza besi na kuiacha sauti ya binadamu iwe mbele. Mama mwenyewe alisikiliza mara mbili. Alisema ameridhika, ila kikapu chake hakikuwa kizito kama wasemavyo. Kizito kilikuwa kile kilichorudishwa kwa kuwa majani yamekataliwa. Neno hilo halimo wimboni, na ninatumaini litakuwa katika wimbo wa pili.

Kabla ya kuupeleka kwa watangazaji, Muuga FM kwa wasikilizaji wa Kimeru na Wimwaro FM kwa wale wa Kiembu, redio mbili zilizochukua maamkizi ya watu wao kuwa majina, palikuwa na shauri la karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimngojei mtunzi asajiliwe ndipo apate haki. Haki huzaliwa pale kazi iliyotungwa kwa juhudi yake inapoandikwa au kunaswa, hata kwa simu kando ya barabara, na kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ni kujiwekea ushahidi. Haki ya wimbo hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kufa mtunzi, na watunzi wakiwa zaidi ya mmoja huhesabiwa tangu kufa kwa wa mwisho. Mwimbaji wa nyumbani, ambaye hana wakili wala meneja, aghalabu hugawana kazi kwa mdomo na ndugu na rafiki, na ugomvi huja pamoja na fedha ya kwanza. Andikeni mapema, wakati wimbo bado hauna thamani kwa mtu ye yote isipokuwa nyinyi.

Mwalimu alikwenda Igoji na karatasi yake.

"Mjomba," alisema, "nimeiweka sauti yako mwanzo wa wimbo."

"Unaniambia au unaniuliza?"

"Nakuuliza, mjomba."

Mzee akaomba ausikilize kwanza. Aliusikiliza wote, mikono juu ya fimbo, na ulipokwisha aliomba kalamu, akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi kubwa, juu ya mstari ambao Mwalimu alikuwa amejiandikia lake. Karatasi ina majina matatu sasa, la mpiga gitaa wa Embu likiwa chini, na la mjomba ndilo la kwanza.